Boksi tupu Kagondo: likiwa kavu ni mali, likilowa ni hasara

UKITAKA kujua thamani ya boksi tupu, simama asubuhi kando ya barabara ya Bukoba kwenda Muleba wakati abiria wakisubiri basi. Boksi lililoleta sabuni dukani sasa limejaa ndizi. Lililoleta mafuta ya kula limebeba maparachichi. Jingine dogo, lililokuwa la biskuti, limefungwa kwa kamba ya katani na ndani yake mna senene waliokaangwa, zawadi ya mtoto anayesoma mbali. Hakuna semina iliyowafundisha wakulima jambo hili. Waliona chombo imara cha bei ndogo, wakakitumia.

Geuka sasa uangalie nyuma ya maduka yale yale. Utakuta maboksi mengine yametupwa, yamelowa, yanachomwa moto au yanasombwa na maji ya mvua hadi mtaroni. Karatasi ni ile ile. Kilichotofautiana ni hesabu ya mwenye boksi.

Kagondo ni jina la maeneo mawili mkoani Kagera, moja katika Manispaa ya Bukoba na jingine wilayani Muleba. Kote kuwili mambo yanafanana: bidhaa za dukani huingia kwa maboksi, na mazao ya shamba hutoka kwa magunia, matenga na mikungu. Kwa hiyo maboksi hubaki. Vijana wanaotafuta shughuli ya kujiajiri huuliza kama mtu anaweza kuyakusanya, akayauza kiwandani na kupata faida.

Jibu ni kwamba inawezekana, lakini si kwa njia ambayo wengi huanza nayo. Kabla ya kuchukua mkopo wa kununua maboksi, ndugu msomaji, pitia hesabu zilizomo katika makala haya.

Boksi limetengenezwa kwa nini?

Chukua boksi lolote la sabuni ulipasue pembeni. Utaona karatasi mbili zilizonyooka, moja nje na moja ndani, na katikati yake karatasi ya tatu yenye mawimbi kama bati la nyumba. Mawimbi hayo ndiyo nguvu ya boksi. Ndiyo yanayoliwezesha kubeba maboksi mengine juu yake bila kubonyea, ilhali lenyewe ni jepesi.

Karatasi hizo hushikamana kwa gundi inayotokana na wanga. Viwanda vingi duniani hutumia wanga wa mahindi, na vingine hutumia wa muhogo. Maana yake ni kwamba hata gundi ya boksi hutoka shambani, na mkulima wa muhogo ana sehemu yake katika biashara hii.

Karatasi yenyewe hutokana na miti. Hapa nchini kiwanda kikubwa cha karatasi ya kaki kiko Mgololo, wilayani Mufindi. Kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa cha umma kwa jina la Southern Paper Mills, baadaye kikabinafsishwa, na leo kinajulikana kama Mufindi Paper Mills. Malighafi yake hutoka katika mashamba ya miti ya Sao Hill, hasa misindano, ambayo wengi huiita paina. Nyuzi za misindano zina urefu wa takriban milimita 3, na za mkaratusi takriban milimita 1. Nyuzi ndefu hushikana vizuri zaidi, ndiyo maana karatasi inayotokana nazo haichaniki kirahisi.

Nyuzi hizo hazifi boksi linapotupwa. Zinaweza kutumika tena, na hapo ndipo biashara ya maboksi chakavu inapoanzia.

Kinachofanyika kiwandani

Maboksi yakifika kiwandani humwagwa katika pipa kubwa lenye maji na pangaboi linalozunguka chini yake. Karatasi hulainika na kuachana hadi ikawa rojo mfano wa uji mwepesi. Rojo hilo hupitishwa katika machujio ili kuondoa pini, selotepu, mchanga na nailoni. Baada ya hapo humwagwa juu ya wavu mpana, maji yakachuja, nyuzi zikashikana, na tabaka linalobaki hukamuliwa na kukaushwa kwa mitungi yenye moto wa mvuke. Mwishoni hupatikana robota la karatasi mpya, tayari kuwa boksi jingine.

Si lazima liwe boksi. Trei za mayai tunazonunua kwa ajili ya kuku wetu, zile za kijivu zenye vishimo 30, hutengenezwa kwa rojo hilo hilo la karatasi chakavu, likamiminwa katika kalibu na kukaushwa. Nchini Kenya, kampuni ya Chandaria hutumia karatasi chakavu kutengeneza karatasi za chooni.

Hata hivyo, kila nyuzi zinapopita kiwandani hukatika na kuwa fupi zaidi. Kwa kawaida hukadiriwa kwamba zinaweza kurudiwa mara 5 hadi 7 kabla ya kudhoofika mno. Ndiyo sababu viwanda huchanganya karatasi chakavu na nyuzi mpya, na ndiyo sababu boksi la kaki safi lenye nyuzi ndefu hupendwa na mnunuzi kuliko boksi la kijivu lililokwisha kuchakatwa mara nyingi.

Kuna maboksi ambayo mkusanyaji asiyachanganye na mengine. La kwanza ni pakiti ya maziwa au juisi ya muda mrefu. Kwa nje ni karatasi, lakini ndani ina tabaka za plastiki na alumini, na kuzitenganisha kunahitaji mitambo maalumu. La pili ni boksi lililopakwa nta, kama yale yanayotumika kusafirishia minofu ya samaki. Nta haiyeyuki katika maji, huharibu rojo. La tatu ni boksi lililoloa mafuta au mabaki ya chakula. La nne ni lililobeba dawa za mimea, au lililogusana na taka za zahanati na hospitali. Hilo la mwisho lisiingie katika biashara kabisa, wala lisibebe chakula. Boksi moja bovu katikati ya mzigo linaweza kumfanya mnunuzi aushuku mzigo wote.

Hesabu ya lori

Tuje sasa kwenye fedha. Chukua boksi la kawaida lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 30. Uzito wake ni karibu nusu kilo. Likiwa limesimama lilivyo, linachukua nafasi ya lita 36. Ukilifungua chini na juu na kulilaza, unene wake ni takriban milimita 8 tu, na nafasi linayochukua inashuka hadi chini ya lita 4. Kwa maneno mengine, boksi lisilolazwa ni hewa iliyofunikwa kwa karatasi, na hewa hiyo utailipia nauli.

Tuseme una lori lenye nafasi ya mita za ujazo 30. Ukipakia maboksi yaliyosimama yataingia takriban 830, yaani kilo 415. Ukiyalaza vizuri yataingia takriban 8,800, yaani kilo 4,400. Lori ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini mzigo umeongezeka zaidi ya mara kumi.

Sasa tuweke bei. Namba zifuatazo ni za mfano, si bei ya soko. Wewe utaweka za kwako baada ya kuuliza. Tuseme mnunuzi wa Mwanza anatoa Sh 200 kwa kilo, wewe unanunua Kagondo kwa Sh 50 kwa kilo, na nauli ya lori ni Sh 500,000.

Mwenye maboksi yaliyosimama atauza kwa Sh 83,000. Nauli pekee imemshinda.

Mwenye maboksi yaliyolazwa atauza kwa Sh 880,000. Atatoa Sh 220,000 za kununulia, Sh 500,000 za nauli, na tuseme Sh 60,000 za kamba, upakiaji na ushushaji. Atabaki na Sh 100,000. Ni faida, ila jiulize imechukua muda gani. Kama una maduka 20 na kila duka linakupa maboksi 5 kwa siku, unapata maboksi 100. Ili kufikisha 8,800 unahitaji siku 88, karibu miezi mitatu. Shilingi laki moja kwa miezi mitatu haitoshi kuendesha nyumba.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, nao wana haki. Lakini angalia hesabu inavyobadilika ukigusa kitu kimoja kimoja. Mnunuzi akikuongezea Sh 20 kwa kilo, unapata Sh 88,000 zaidi. Ukipata lori lililoleta bidhaa na linarudi tupu, likakubali nusu ya nauli, unaokoa Sh 250,000. Wafanyabiashara wengi hutumia nguvu zao zote kubishana juu ya bei ya kilo, wakati fedha nyingi zaidi ziko kwenye nauli.

Kuna njia nyingine. Maboksi yakibanwa kwa mashine na kufungwa marobota, kama yanavyofungwa marobota ya pamba, lori la namna ile linaweza kubeba tani 10. Kwa bei zile zile za mfano mauzo ni Sh 2,000,000. Ukitoa Sh 500,000 za ununuzi, Sh 500,000 za nauli na tuseme Sh 140,000 za kufunga na kupakia, zinabaki Sh 860,000. Hapo sijahesabu gharama ya mashine, na mzigo huo unahitaji maboksi 20,000. Kagondo peke yake, kwa maboksi 100 kwa siku, ingechukua siku 200. Vituo vitano vya biashara vikiungana, tuseme Kagondo, Muleba mjini, Kamachumu, Kemondo na Bukoba mjini, kila kimoja kikitoa 100, ni siku 40 tu. Mashine isiyolipa kwa mtu mmoja inaweza kulipa kwa kikundi.

Mvua inavyokula faida

Kosa lililonifundisha somo hili nililifanya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa nadharia, nilishirikiana na jamaa zangu kukusanya maboksi. Tuliyapanga vizuri barazani na kuyafunika kwa turubai. Juu hayakupata tone la mvua. Tulisahau sakafu. Saruji ilivuta unyevu kutoka chini, na maji yaliyotiririka barazani usiku yakamaliza kazi. Mzigo ulipofika, mnunuzi aliingiza mkono katikati ya mafungu, akautoa umelowa, akakata kilo ambazo sisi tulikuwa tumezihesabu kuwa faida. Hakutuonea. Tulikuwa tunamuuzia maji.

Rudi kwenye mfano wetu wa Sh 100,000. Mnunuzi akikata asilimia 10 ya uzito kwa sababu ya unyevu, unapoteza Sh 88,000. Umebaki na Sh 12,000 kwa kazi ya miezi mitatu.

Nalo jambo hili si dogo kwa Kagera. Ukanda wa ziwa kuzunguka Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mikoa mingi ya Tanzania haikioni. Masika hufikia kilele Aprili, vuli huja mwishoni mwa mwaka. Kipindi kinachomfaa mkusanyaji ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Miezi mingine iwe ya kutumia maboksi hapa hapa, si ya kuyahifadhi.

Anayehifadhi aweke mbao au matofali chini ili hewa ipite, aache nafasi kati ya rundo na ukuta, na achunguze bati kabla ya mvua, si baada yake. Asisahau moto. Ghala la maboksi makavu na kijiti kimoja cha kiberiti vinatosha kuteketeza mtaji wote, kwa hiyo jiko na sigara vikae mbali.

Bei haipangwi Kagondo

Mkulima wa kahawa anajua kwamba bei yake huamuliwa mbali na kibanja chake. Karatasi chakavu ina tabia hiyo hiyo. Kwa miaka mingi China ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karatasi chakavu duniani. Mwaka 2018 ilianza kuzuia taka zilizochanganyika, na kuanzia Januari 2021 ikafunga kabisa uingizaji wa taka ngumu. Nchi zilizozoea kuiuzia zilijikuta na marundo yasiyo na mnunuzi, na bei ikaporomoka kwa watu ambao hawajawahi kufika China.

Jirani zetu wa Kenya nao walipata somo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza uzalishaji miaka ya 1970, kilisimama mwaka 2009, na mji uliokuwa ukikitegemea ukadorora. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kampuni ya Rai. Funzo kwa mkusanyaji mdogo ni kutokusanya tani kwa kumtegemea mnunuzi mmoja ambaye hujazungumza naye mwezi huu.

Kwa upande mwingine, mahitaji ya vifungashio vya karatasi yana sababu ya kuongezeka. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, na tangu hapo mifuko ya kaki imeingia katika maduka ambayo zamani hayakuijua.

Kabla ya kuuza, tumia

Kiuchumi, matumizi yenye thamani kubwa zaidi ya boksi ni kulitumia tena likiwa boksi. Kilo moja ya karatasi chakavu ni bei ndogo, lakini boksi mbili zima zinazounda kilo hiyo zinaweza kumwokoa mkulima asipoteze maparachichi yaliyobonyea ndani ya gunia la lumbesa. Tenga maboksi imara, yasiyo na harufu, uwauzie wasafirishaji wa matunda moja moja.

Hapa tahadhari ni tatu. Boksi la vifaranga, lile lenye matundu na vyumba vinne vya vifaranga 25 kila kimoja, lisirudiwe kwenye banda jingine. Trei ya mayai ya karatasi nayo haioshwi. Ikitoka banda lenye mdondo inaweza kuupeleka ugonjwa kwa jirani. Na boksi lililobeba ndizi kutoka shamba usilolijua lisiingie kibanjani kwako, kwani mnyauko wa migomba uliothibitishwa Kagera mwaka 2006 bado unatudai uangalifu.

Matumizi ya pili ni kibanja chenyewe. Wazee wetu hawakuacha udongo wa migomba wazi. Walileta nyasi kutoka rweya na samadi ya ng'ombe. Leo rweya inapungua kwa sababu ya makazi na mashamba ya miti, na nyasi zimekuwa ghali. Boksi la kaki lisilo na rangi ya kung'aa linaweza kusaidia. Ondoa selotepu na pini, lilaze juu ya udongo uliolowa, kingo zipandane ili magugu yasipenye, kisha funika kwa nyasi kidogo au majani makavu. Acha nafasi ya sentimita 60 hivi kuzunguka shina, maana unyevu wa karibu na shina huwavutia fukusi wa migomba.

Usilifukie. Boksi lina kaboni nyingi na karibu halina naitrojeni. Likifukiwa, vijidudu vinavyolivunja huchukua naitrojeni ya udongo, na mazao yako hugeuka manjano. Ukitaka kulitia katika mboji, lichane vipande na ulichanganye na samadi au majani mabichi. Kwa njia hii hata boksi lililolowa, ambalo mnunuzi amelikataa, lina kazi. Mvua iliyoharibu bei yake imelifanya lioze haraka zaidi.

Namna ya kuanza

Kama umesoma hadi hapa na bado unataka kuifanya biashara hii, fuata mpangilio huu.

Kwanza, mtafute mnunuzi kabla ya boksi la kwanza. Muulize bei kwa kilo, kiwango cha unyevu anachokubali, aina anazokataa, uzito wa chini anaopokea na siku anayolipa.

Pili, ulizia malori yanayorudi tupu, na miezi ambayo nauli hushuka. Msimu wa kahawa malori huwa na mzigo wa kugombania, hivyo usitegemee huruma ya dereva.

Tatu, kubaliana na wenye maduka wayalaze maboksi siku hiyo hiyo na kuyaweka ndani. Shilingi chache unazowapa kwa kazi hiyo ni nafuu kuliko kuyalaza mwenyewe yakiwa yamelowa.

Nne, pima kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, hapa na kule unakouza. Tano, fika halmashauri uulize kibali, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu.

La mwisho, anza na kikundi, na mwaka wa kwanza fanya wakati wa kiangazi pekee. Andika kila kilo, kila nauli na kila kilichokatwa. Ikifika Septemba daftari litakuambia kama uendelee. Likikuambia usiendelee, hutakuwa umepoteza vyote: wasafirishaji wa matunda watakuwa wamepata maboksi, na kibanja chako kitakuwa kimefunikwa kabla mvua za vuli hazijaanza.